Bei na Maji Vifike Kabla ya Kitalu

Hotuba kwa mkutano wa mwaka wa wakulima wa mpunga, Moshi Vijijini

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, vijana, na wageni wetu mliotoka wilayani: wakubwa wote shikamooni. Wengine habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Wengi wenu mnanifahamu. Nimekulia hapa bondeni. Baba yangu alikuwa na majaruba mawili ya mpunga upande wa Chekereni, na mimi kazi ya ugani nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20, mingi nikiwa kwenye mpunga. Barua ya mwaliko inanitaka nizungumzie bei za mazao, umwagiliaji na tija. Mada nimeikubali, ila nitaianzia pale mnapoanzia ninyi, kwenye kitalu, pale miche inapooteshwa.

Msimu uliopita, mpunga ukiwa unakaribia kushika mimba, nilipita kwa mama mmoja ambaye jaruba lake liko mwisho kabisa wa mfereji. Huo ndio wakati wa kumwaga mbolea ya pili ya kukuzia. Nilimkuta amekaa kwenye tuta, kanga amejifunika kichwani, anautazama mpunga wake. Mbegu ya SARO 5, imestawi vizuri, lakini chini udongo ulikuwa umepasuka nyufa za kupitisha kidole. Kando ya mlango wa maji alikuwa amechomeka kijiti chenye alama ya kisu. Maji yakifika kwenye ile alama, anafunga. Alama ilikuwa kavu. Binti yake alikuwa amelala pale mlangoni usiku kucha, amejiviringisha shuka, akingoja.

Nikamuuliza, "Mama, mbolea ya kukuzia vipi?" Akaniambia, "Mwanangu, zamu yangu ilikuwa Jumanne. Leo Ijumaa. Mbolea ninayo ndani, nimeifunika. Nikiimwaga kwenye udongo mkavu inapotea. Na hata isipopotea, sijui mpunga huu nitauuza shilingi ngapi. Acha nibaki na mfuko wangu."

Nilikuwa nimekwenda kumfundisha vipimo vya mbolea. Sikumfundisha kitu, kwa sababu hesabu aliyoipiga ilikuwa sahihi. Naomba tuipige tena hapa mbele ya watu wote, maana humo ndimo mada yangu yote ilimo.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwenye mpunga wa kumwagilia unaotunzwa vizuri, kilo moja ya naitrojeni huweza kukuongezea kilo 15 za mpunga, wakati mwingine zaidi. Tuchukue kiasi cha chini ili tusijidanganye: mfuko mmoja ukuongezee kilo 300. Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa kilo. Hapo una 300,000. Tangu mpango wa ruzuku ulipoanza mwaka 2022, mfuko wa urea uliokuwa umepita shilingi 120,000 ukashushwa hadi 70,000. Toa hiyo, unabaki na 230,000 kabla ya vibarua na magunia. Sasa bei iporomoke hadi 600. Kilo zilezile 300 zinakuletea 180,000, unabaki na 110,000. Umeumia, lakini hujafa.

Turudi kwenye bei nzuri ya 1,000, ila maji yakatike wiki mbili mpunga ukiwa unachanua. Suke linatoka limejaa mapepe, punje tupu. Zile kilo 300 za ziada zinakuwa 50, au hazipo kabisa. Kilo 50 kwa shilingi 1,000 ni elfu hamsini, na mbolea uliinunua kwa elfu sabini. Umeweka fedha yako shambani ukavuna deni, na bei ilikuwa nzuri!

Bei kazi yake ni kuzidisha, na maji ndiyo yanayoleta kile kinachozidishwa. Sifuri ukiizidisha kwa bei yoyote ile inabaki sifuri. Kwa hiyo ninapoona ruzuku ya mbolea inapelekwa kwa nguvu kubwa mahali ambapo mfereji umejaa tope na milango ya maji imeng'olewa, roho inaniuma. Fedha ya walipa kodi inayeyuka pamoja na ile urea.

Lakini asije mtu akaondoka hapa akisema mtaalamu amedai bei haina maana. Tazameni tena jibu la yule mama. Alitaja vitu viwili alivyokuwa havijui, siku ya maji na bei ya mpunga, na vyote viwili alivihitaji siku ya kununua mbolea, miezi kabla ya mavuno. Bei inayotangazwa mpunga ukiwa umeshapakiwa kwenye magunia inaweza kumfurahisha mkulima au kumliza, lakini haiwezi kuongeza hata debe moja kwenye shamba la msimu ule. Debe lile liliamuliwa tangu wakati wa kitalu.

Wazee mnakumbuka enzi za bei moja nchi nzima. Katika miaka ya 1970 serikali ilikuwa inatangaza bei ya nafaka, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, linanunua kwa bei hiyohiyo, mkulima awe jirani na Dar es Salaam au awe Namtumbo. Kwa mkulima wa Ruvuma na Rukwa ilikuwa neema. Gharama ya lori ilibebwa na shirika, mbolea ilikuwa na ruzuku, na ile mikoa minne ya Nyanda za Juu Kusini, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ikageuka ghala la taifa. Watu walifungua mashamba mapya kwa sababu bei ilijulikana kabla jembe halijagusa ardhi.

Kwa aliyekuwa karibu na soko mambo yalikuwa tofauti. Bei ya serikali ilikuwa chini mno kuliko ya mitaani, na mpunga ukapita njia za usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chakula kingi kilikuwa hakipitii tena NMC, na shirika lenyewe lilikuwa limeelemewa na madeni. Vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Baadaye bei moja ikaachwa, ruzuku ya mbolea ikaondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mkulima wa Songea akabaki na mahindi ambayo nauli ya kuyafikisha sokoni inameza sehemu kubwa ya bei yake. Walioingia gharama ya bei ile walichoka kuilipa, na ilipoondoka iliondoka na mbolea yote.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa kwetu ndipo mambo haya mawili yalipokutana kwa namna ambayo sijaiona kwingine.

Ndugu zetu wa mlimani wana mifongo, mifereji yao ya asili, tangu karne nyingi zilizopita. Mfongo una wenyewe, una zamu, una siku ya kusafishwa, na asiyetokea anatozwa. Majirani zetu Wapare wana ndiva, vibwawa ambamo maji yanakusanywa usiku yanafunguliwa asubuhi. Kwa hiyo habari ya kugawana maji haikuletwa na mhandisi yeyote. Kilicholetwa hapa bondeni ni ukubwa. Ujenzi wa skimu ya Lower Moshi ulianza mwaka 1984 kwa ushirikiano na Japani, ukakamilika 1987. Eneo lote hekta 2,300, kati ya hizo 1,100 za mpunga. Mabanio ya kuchepusha maji yakajengwa kwenye mito ya Rau na Njoro. Majaruba yakapimwa mita 100 kwa 30, hekta 0.3 kila moja, yamesawazishwa kiasi kwamba ukiyafungulia maji yanatandaa kama yamemiminwa kwenye sinia. Mbegu ikaja, IR54, fupi, haianguki. Kabla ya hapo hekta ilikuwa inatoa tani 2 hivi. Ikafika tani 6 na kupita. Kwa jaruba moja, ni kutoka magunia 6 ya kilo mia hadi 18.

Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka bati. Msimu mmoja tu baada ya maji kufika, kila ukitoka shuleni unasikia nyundo. Nyumba iliyokuwa ya nyasi asubuhi, jioni nusu yake inang'aa. Baba alinunua baiskeli, akaning'iniza kengele yake ndani wiki nzima kabla hajaifunga, kwa furaha tu.

Simulizi za skimu hii husifu maji na mbegu, na zinastahili. Mimi naongeza jambo moja ambalo aghalabu halitajwi. Mwaka 1984, mwaka ujenzi ulipoanza, serikali ililegeza masharti ya kusafirisha nafaka kutoka mkoa mmoja hadi mwingine. Mwaka 1987, mwaka maji yalipofika, vizuizi hivyo viliondolewa. Yaani mkulima wa hapa alipata maji na soko ndani ya msimu uleule. Lori la mfanyabiashara likaweza kuja mchana kweupe kupakia mpunga na kwenda nao popote. Skimu hiihii ingekamilika miaka 10 nyuma, wakati mpunga unauzwa kwa bei ya kupangiwa iliyokuwa chini ya soko, naamini mavuno yangepanda kwa shida, na mifereji ingesafishwa kwa amri ya mkuu wa wilaya. Watu waliisafisha wenyewe, alfajiri, kwa sababu walijua gunia litauzwa na litauzwa vizuri.

Halafu maji yakaanza kupungua.

Jirani zetu walio juu ya mabanio walikuwa wanalima mahindi na migomba. Waliona bati. Waliona lori. Mto unapita kwanza kwao ndipo uje kwetu. Kwa nini waendelee na mahindi ya gunia chache? Wakachimba mitaro, wakatengeneza majaruba, wakachukua mbegu ileile ya IR54 kutoka kwetu, wengine kwa shemeji zao humuhumu. Kufikia miaka ya 1990 eneo linalopandwa mpunga ndani ya skimu lilikuwa limesinyaa vibaya. Majaruba yaliyosawazishwa kwa gharama kubwa yakawa yanalala msimu mzima, ng'ombe wanachunga humo.

Tuliwaita wezi wa maji. Na mimi niliwaita hivyo. Leo wajumbe wao wameketi pale nyuma, na nataka niseme mbele yao kwamba walifanya kilekile ambacho sisi tungekifanya. Ni kweli kibali cha maji kilikuwa upande wa skimu. Lakini waliochora skimu walipima mto kana kwamba watu wa juu watabaki na mahindi yao milele, huku watu wa chini wakitajirika machoni pao. Bei nzuri ilisikika mpaka juu ya mabanio, na kila aliyeisikia alitaka maji.

Hii naomba wageni wetu wa wilayani waichukue kwa uzito, kwa sababu haikutokea hapa peke yake. Kule bonde la Usangu, Mbeya, kilimo cha mpunga kimepanuka sana, na tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Nchini India, jimbo la Punjab, serikali imehakikishia wakulima bei ya ngano na mpunga tangu miaka ya 1960, na umeme wa pampu ukawa wa bure. Mavuno yakapanda kweli, nchi ikajitosheleza kwa chakula. Lakini maji ya chini ya ardhi yakawa yanashuka mwaka hata mwaka, mpaka mwaka 2009 ikabidi itungwe sheria ya kukataza kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni, ili watu wasubiri mvua. Jimbo zima lenye mabomba na mitambo limerudi kwenye kitu ambacho wazee wetu wa mifongo walikuwa nacho, tarehe ya kuanza inayowafunga wote.

Kuna na mfano wa kinyume chake, maji yapo na bei haipo. Mwea, kwa jirani zetu Wakenya, skimu ilianza mwaka 1956, mifereji yake imechimbwa kwa nguvu za watu waliokuwa kizuizini wakati wa Mau Mau. Maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yalikuwepo, mpunga wa pishori wenye harufu yake ulikuwepo. Lakini mkulima alikuwa mpangaji kwenye ekari zake nne, na mnunuzi alikuwa mmoja tu, bodi, ambayo ilipanga bei, ikakata gharama zake, ikampa kilichobaki. Mwaka 1998 wakulima walikataa. Wakapeleka mpunga kwenye ushirika wao wenyewe. Watu wawili waliuawa katika mvutano ule. Bodi ilipoondoka, bei ikawa ya mkulima, ila zamu za maji zikavurugika na mifereji ikajaa, mpaka pande mbili zikakaa chini upya: maji yasimamiwe pamoja, mpunga uuzwe na mwenyewe. Bwawa la Thiba lilizinduliwa mwaka 2022. Ninapokwenda Mwea huwa sichukui daftari la mbegu. Nawauliza waliwezaje kurudi mezani.

Sasa tuzungumze bei ya leo. Kinga kubwa kuliko zote ya bei ya mpunga wenu wengi hamjawahi kuiona kwa macho, kwa sababu iko bandarini. Ni ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa mchele wa kutoka nje, asilimia 75. Ukilegezwa, hata kwa msimu mmoja, mchele wa meli unaingia na bei ya shambani inatetemeka. Tuliliona hilo mwaka 2013, mchele uliporuhusiwa kuingia bila ushuru. Upande wa mahindi, mwezi Juni 2017 usafirishaji nje ulizuiwa, na wenzetu wa Nyanda za Juu Kusini wakabaki na maghala yamejaa na bei imelala. Nia ilikuwa kulinda chakula cha wananchi, nalo si jambo dogo. Lakini mkulima aliyeuza mahindi kwa bei isiyorudisha gharama ya mbolea, msimu unaofuata alipanda bila mbolea. Huyo ukimtembelea utaandika kwenye ripoti kwamba "hazingatii kanuni bora za kilimo".

Ununuzi wa hifadhi ya taifa ya chakula unasaidia, na nimeona mahali ulipoinua bei kwa kilomita nyingi kuzunguka kituo. Ila bei ikitangazwa watu wengi wakiwa wameshauza, inamfikia aliyenunua kutoka kwao. Mkulima mwenye ada ya shule na deni la trekta hawezi kukaa na mpunga miezi miwili. Anauza ukiwa bado shambani, mwingine anauza ungali wa kijani.

Na malipo nayo yana wakati wake. Mwaka mmoja, chama fulani kilikusanya mpunga wetu kwa ahadi ya kulipa ndani ya siku 14. Bei ilikuwa nzuri, tulipiga makofi. Tulilipwa baada ya miezi minne. Kaka yangu alikuwa ameshakopa kwa riba ili alime, na mbolea hakununua. Alivuna nusu ya alichozoea. Ukiweka kwenye karatasi, mwaka ule bei ilikuwa juu na tija ikashuka, na msomi anaweza kukuna kichwa. Mke wa kaka yangu angemweleza kwa sentensi moja.

Lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, pia ni suala la bei. Tuseme gunia linauzwa 80,000 na mkataba wa mdomo ni kilo 100. Likifungwa lumbesa linabeba 120. Bei yako haiko tena 800 kwa kilo, imeshuka hadi 667, na hakuna aliyetangaza kuishusha. Mizani moja ya halali kwenye ghala la ushirika ingewapandishia bei kuliko mikutano mingi tuliyofanya, huu ukiwemo.

Ndugu mwenyekiti, nimalizie kwa maombi. Wageni wetu, mmesikia mara nyingi ikitajwa kwamba nchi yetu ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa, na tangu sheria ya mwaka 2013 tuna Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Nafurahi skimu mpya zinapojengwa. Lakini naomba kila inapochorwa skimu mpya, mchoraji aulizwe swali moja: bei ya zao hili ikipanda, watu wa juu ya banio watafanya nini, na wametengewa nini? Kama hana jibu, kalamu iwekwe chini kwanza. Na zilizopo zikarabatiwe. Mlango wa chuma wa kufungia maji kwenye mfereji wa kati gharama yake haifiki mbali, na ukikosekana, mama wa mwisho wa mfereji hamwagi mbolea.

Kwa upande wa bei, tunaomba kitu kinachowezekana. Kama kutakuwa na bei ya chini ya ununuzi wa serikali, itangazwe kabla ya kitalu, hata ikiwa ndogo. Mkulima atajua mpaka wa hasara yake uko wapi. Kama ushuru wa mchele lazima uguswe, uguswe kabla ya kitalu, usiguswe mpunga ukiwa unachanua. Na sisi wenyewe, kupitia ushirika, tukae na wenye viwanda vya kukoboa mapema, tukubaliane kiasi na bei ya kuanzia, tuweke mpunga ghalani kwa stakabadhi, mwenye shida ya haraka apate sehemu ya fedha yake bila kuuza mpunga wa kijani.

Kuhusu maji, nitasema ambalo wengine halitawapendeza. Hapa chini tunamwaga maji mengi kuliko mpunga unavyohitaji. Tumezoea jaruba lijae kama bwawa tangu kupandikiza hadi karibu na kuvuna, kwa sababu hatuamini kwamba zamu ijayo itafika. Kilimo shadidi, kile kilichojaribiwa Mkindo kule Mvomero, kinataka mche mmoja mmoja, mchanga, kwa mistari, na maji ya kulowesha na kuacha yakauke kidogo kisha unalowesha tena. Kulowesha na kukausha peke yake kunaweza kuokoa hadi asilimia 30 ya maji bila kupunguza mavuno. Lakini nani atathubutu kuliacha jaruba likauke siku tano, kama hana hakika ya siku ya sita? Ratiba ikiaminika, maji yatatosha watu wengi zaidi. Isipoaminika, kila mtu atajaza, na hayatatosha kamwe. Na wakati wa kiangazi kikali, sehemu ya majaruba iende kwenye maharage, mahindi au vitunguu. Najua mpunga ndio wenye bei. Ndiyo maana nasema soko la vitunguu nalo litafutwe mapema kwa nguvu ileile, la sivyo tunawaambia watu wapande njaa.

Tukumbuke pia kwamba maji yanayotupita hayapotei. Yanashuka hadi Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo, yanakwenda Hale na Pangani. Huko nako kuna watu wanaotuita sisi "watu wa juu".

Jana jioni nimezungumza na wajumbe wa juu kabla hawajalala hapa kwa ndugu zao. Tumekubaliana jambo, na mwenyekiti ameniruhusu nilitangaze. Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, tutaanzia juu kabisa, juu ya mitaro yao ya kwanza, tushuke kwa miguu hadi jaruba la mwisho. Watatu wao, watatu wetu, fundi wa skimu, na mimi. Kila mtaro utapimwa na kuandikwa: upana, kina, unamwagilia ekari ngapi, za nani. Hatutafunga mtaro hata mmoja siku hiyo. Tukifika mwisho tutakaa kwa yule mama, kwenye tuta, karibu na kijiti chake, tuandike rasimu ya zamu za msimu ujao, ambamo na wao wa juu wana siku zao na wana michango yao ya kusafisha mfereji.

Kitalu cha msimu ujao kimebakiza wiki sita. Rasimu hiyo ninataka ibandikwe ofisi ya kijiji, juu na chini, kabla mtu yeyote hajaloweka mbegu. Wanaokuja Jumamosi waje na viatu vya tope na kamba ya mita 50. Mama amesema chai ataandaa yeye.

Asanteni sana.